Vidonge vya Mkono Uliovimba

Ngumi ya tatu ilimng'oa Kokushubila jino, nalo likadondoka kwenye maganda ya ndizi alizokuwa akimenya. Mumewe akarudi nyuma akiuguza mkono. Ngozi ya vidole ilikuwa imechanika, na mkono umeanza kuvimba.

"Umeona ulichonifanya?" alifoka. "Niletee diklofenaki!"

Vidonge hivyo vilikuwa vya kutuliza maumivu ya mgongo wa Kokushubila. Vilikaa kopo moja na dawa za mumewe za vidonda vya tumbo: omeprazoli na antibayotiki aina mbili. Kokushubila ndiye aliyekuwa akimnywesha asubuhi na jioni, tangu siku ile mumewe alipotapika damu nyeusi kama kahawa iliyosagwa.

"Daktari wa hospitali ya Rubya alikataza, waitu," alijibu kwa heshima. "Alisema kidonda kitatoka damu tena. Kunywa panado."

Mumewe akamkamata nywele, akampigiza kichwa kwenye nguzo ya jiko. "Huyo daktari ndiye mumeo?"

Kokushubila akajikokota hadi kabatini. Damu ya kidevuni ilidondokea kifuniko cha kopo, kikawa kinateleza. Akakifuta kwa kitenge, taratibu, akafungua. Panado ilikuwa juu kabisa. Akaisogeza kando kwa kidole, akachukua diklofenaki.

Mumewe alikuwa ameshaketi, kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, mapajani, anakunywa.

"Kimoja au viwili, waitu?" Kokushubila akauliza kwa upole.

"Vitatu! Na usinibishie tena."

"Sibishi," alisema, akaviweka kwenye kile kiganja kilichovimba, kimoja kimoja.