Likizo ya Mwalimu Kihwelo

Natangaza rasmi kwamba vibandiko nilivibadilisha mimi. Shule ikifungwa, kreni huchomoa vyumba vyetu vya kulala vilivyoundwa kiwandani, vya wanafunzi na vya walimu, na kuvipeleka makwao, kila kimoja na mwenyewe ndani, vikachomekwe kwenye nyumba iliyoandikwa kwenye kibandiko. Chumba kikishachomekwa hakitoki mpaka shule ifunguliwe.

Nilitaka Mwalimu Kihwelo wa nidhamu aoshe vyombo kwetu likizo nzima. Sikukumbuka kwamba chumba changu nacho kingepelekwa kwake, wala kwamba anaishi peke yake.

Nilimpigia Mama simu.

"Mama, huyo si mwanao!"

"Kibandiko kinasema ni Gwamaka," alijibu. "Na leo ametandika kitanda bila kutumwa."

"Mama, ana kipara!"

"Kila mtoto na kasoro zake. Zamani alikuwa na mdomo."

Nyuma yake nikasikia sauti nzito: "Mama, vyombo tayari."

"Ahsante, baba," akamjibu, kwa ule upole aliokuwa akiniwekea mimi. Kisha akarudi kwenye simu. "Haya, wasalimie huko kwenu."

Tangu asubuhi nimetandika kitanda mara tatu. Hakuna aliyekuja kukiona.