Ubeti wa Pili

Kanisa la ndege lilitangaza tuzo kwa wasomi vijana wa lugha na historia. Fuko, mwenye digrii fasti klasi na tumbo tupu, akaleta utafiti wake wa nyimbo za kubembeleza watoto.

"Kijana, si ungesomea uhasibu tu?" Askofu Korongo akamcheka. "Hizi zitamfaa nani?"

Fuko akaimba ubeti aliofundishwa na ajuza mmoja wa bwawani.

Korongo akainamisha mdomo. "Mama alikuwa akiniimbia huo. Alifariki ningali mdogo, na ubeti wa pili umenipotea."

"Ninao, Baba Askofu. Sogea."

Korongo akasogea, akafumba macho kama kinda kiotani.

Tuzo alipewa Fuko. Kazi bado anatafuta, kwa hiyo mwenye mtoto anayelia amwite.