Zamu ya Pipa

Tangu halmashauri tatu zilipokubaliana kugawana taka za sumu, kila nyumba hupokea pipa moja, hulitunza mwaka mzima, kisha hulikabidhi kwa jirani. Mwaka huu zamu ilimwangukia Bi Mashavu, ambaye sebule yake ilikuwa haikauki watu. Pipa lilipoingia, watu wakatoka. Hata mashoga zake wa umbea sasa walimsalimia kutoka barabarani.

Ndiyo maana siku washenga walipokuja kumposa bintiye Salha, alilifunika pipa kwa kanga. Mzee Kombo, baba mdogo wa kijana mwoaji, akalitazama na kucheka.

"Unatuficha nini, mkwe? Hata sisi lilishakaa kwetu."

Bi Mashavu akashusha pumzi. "Nilidhani mtaishia mlangoni."

"Kwa lipi? Sisi tulilipokea kijana wetu ana miaka miwili. Nyumba yenyewe ndogo, tukaliweka ubavuni mwa kitanda chake. Na leo ni mzima, anataka mke."

Wote wakamgeukia Bi Mashavu, wakingoja neno lake. Yeye aliwaza wajukuu, kama sumu ile ingewaacha wazaliwe wazima. Akashika birika, akaanza kumimina chai taratibu, kikombe baada ya kikombe.