Mama Nani

"Mama nani vile?" aliuliza bibi mwenye nyumba wa mtaa wa Nyahanga, akimwonyesha Coletha chumba, sebule, na msumari wa kutundikia taa ya chemli.

Coletha alikwisha kukataliwa nyumba mbili kwa sababu ya mtoto. Alipokuja kwa huyu wa tatu, alimwacha mtoto stendi na mdogo wake. "Sina mtoto, mama. Niite Coletha."

"Pole, mwanangu." Bibi akampa ufunguo. "Wangu wote wameolewa. Nilitamani mpangaji mwenye kichanga, ua huu usikie tena kilio."

Nyumba ya jirani mtoto akalia. Maziwa yakamtoka Coletha, yakalowesha gauni. Akavuta khanga, lakini bibi alikwisha kuona.

"Mama nani?" akauliza tena, taratibu.

Coletha akautazama ufunguo mkononi, kisha njia ya kwenda stendi.