Begi la Butere

Muhonja alipoona kwamba mwenye sindano pale kliniki ni mkwe wake, aligeukia ukuta. Kwao mama hamtazami usoni mume wa binti yake. Lakini kesho hangeweza kurudi. Begi la kuhamia kwa wazazi wake Butere lilikuwa miguuni pake.

Kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi, alishakunja mkono wa sare.

"Muulize," Muhonja akamwambia mtoto, "hiyo chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inatibu pia chunjua za huko chini, kama mtu ako nazo tayari?"

"Mama, nani ako nazo?"

"Muulize tu."

Mkwe alisugua bega la mtoto kwa pamba. Akasugua tena palepale, ingawa palikuwa safi.

"Mwambie mama haitibu. Inakinga mwenye bado hajapata. Chunjua ziko na dawa yake, asione haya kuja."

"Muulize, zikitokea sasa, si ni bwana amezileta juzi?"

"Mwambie si lazima. Kirusi chake kinaweza kulala mwilini miaka mingi. Hakuna daktari anaweza kusema kilitoka kwa nani. Pengine hata ni kabla waoane."

Kabla waoane. Muhonja akakumbuka sura ya mwanamume mmoja wa usichanani mwake, aliyoisahau kwa makusudi.

Sindano ikaingia. Mtoto hakulia. Aliinua begi kwa mkono usiouma.

"Sasa tunaenda Butere, ama tunarudi kwa baba?"

Muhonja akageuka, akamtazama mkwe wake usoni, akamuuliza mwenyewe: "Hiyo dawa, naweza kuipata leo kabla turudi nyumbani?"