Siri Zinazopelekwa Mkutanoni

Sheria ya sasa inawataka wakuu wa faragha wa makampuni, yaani walinzi wa siri za wateja, wakikutana kufundishana kazi, wasitaje siri hizo bali walete za nyumbani kwao. Binti yangu Mwanaidi ni mmoja wao. Jumapili alikuja na mwenzake, mwanamke mpole. Mgeni huyo akatoa shuka la mpira kwenye mkoba wake akalitandika kwenye kochi kabla sijaketi.

"Kaa tu, mama. Hata wangu anajikojolea."

Nikamtazama mwanangu.

"Sikukutaja jina, mama. Nilisema mama yangu tu."

"Kwani unao wangapi?"

Mgeni akasema wote walijifunza mengi.

Siku hizi nafua shuka zangu mwenyewe. Mwanaidi akiniuliza nimelalaje, namwambia salama, maana mkutano mwingine ni Alhamisi.