Pingu ya Nyani

Alikuwako Nyani asiyemwamini yeyote. Alipomtia Punda pingu ili ambebee mahindi ya wizi, ncha ya pili ya mnyororo aliifunga kwenye mguu wake mwenyewe, na ufunguo akauvaa shingoni.

Shambani Nyani akavunja mahindi, akajaza gunia. Punda akajilaza.

"Inuka, mtumwa we!"

"Siinuki."

Nyani akavuta, akatukana, akapiga. Punda akatafuna nyasi. Mara mbwa wa mwenye shamba wakabweka.

"Mama Punda, nakusihi, tukimbie!"

"Kimbia. Ufunguo si unao wewe?"

"Nikifungua utatoroka!"

"Hilo usilitilie shaka."

Nyani akaushika ufunguo, akauachia, akaushika tena. Mbwa wakazidi kukaribia.

"Wewe fikiri taratibu tu," akasema Punda. "Mimi sijaiba mahindi ya mtu."